Siku Niliyopiga Enduru Mlimani

Niseme mapema kwamba haya sijawahi kuyasimulia yote, hata mama yangu mzazi nilimpa nusu tu, na nusu yenyewe niliipunguza makali, kwa sababu aibu niliyoipata nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye steshenari yake pale Bilele, Bukoba mjini, mtu ambaye wanafunzi wakija kutoa kopi wanamwita Madamu, ni aibu ambayo mpaka leo nikisikia mteja anaongea kwa lafudhi ya upande ule wa Muleba najikuta nimeinama chini ya kaunta natafuta karatasi ambazo hazijapotea.

Ilianza na picha. Kuna watu huko duniani wanapanda milima na mabegi mgongoni, wanalala kwenye mahema juu kabisa, halafu asubuhi wanapigwa picha wameshika kikombe cha kahawa na mawingu yako chini ya miguu yao, na mimi kila nikiziona picha hizo kwenye simu nilikuwa najiuliza, kahawa si tunalima sisi, milima si ipo, mawingu si yapo, sasa kwa nini kikombe kile nisikishike mimi? Basi nikawasumbua marafiki zangu watatu mpaka wakakubali. Wa kwanza ni Edivina, nesi, anaishi Kahororo, tumesoma naye tangu darasa la kwanza. Wa pili ni Projestus, mwalimu wa hisabati, mwanaume anayeweza kuongea kutoka Bukoba mpaka Muleba bila kumeza mate. Wa tatu ni Elisha, fundi umeme wa Ijuganyondo, Mlutheri, anapuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisani kwao, na nje ya tarumbeta ni mtu wa maneno machache anayeangalia kila kitu mara mbili. Cheo cha kiongozi wa msafara nilijipa mwenyewe (hakuna aliyenichagua, ila nilikuwa nimewatangulia wenzangu kuwa na viatu vya mlima).

Mlima wenyewe sitautaja jina, wenyeji wakisoma hapa watajijua. Upande mmoja unapanda taratibu, kwanza vibanja vya migomba na mibuni, halafu migomba inaisha unaingia kwenye rweya, ile nchi ya nyasi tupu isiyo na nyumba wala mti wa maana, na ukifika juu upande wa pili unatazama ziwa. Niliwahi kuuona kwa mbali nikiwa mtoto, nikienda kwa shangazi. Wenzangu niliwaambia naujua.

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita, kiangazi kimeshaanza, na tulichelewa kutoka mjini kwa sababu Projestus alisahau hema la wanaume ikabidi turudi kulichukua, hivyo gari lilitushusha mwisho wa barabara saa tisa imeshapita. Pale palikuwa na duka moja dogo, na mama mwenye duka alikuwa amekaa nje anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnahama?"

Tukacheka, tukamweleza kwamba tunakwenda kulala juu mlimani, kesho tunashuka. Akaacha kuchambua. "Kulala juu kule? Kwa mwenyekiti mmeshapita?"

"Bado, mama."

"Pitieni, waitu, jamani. Nyumba yake ile pale, yenye mibuni mbele. Kuna habari ya huko juu lazima awaambie kabla hamjapanda."

Sasa hapa ndipo penye mkasa wote, na mnaona wenyewe kwamba ni pahali padogo, hatua mia mbili hivi kutoka dukani mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Lakini mimi wenyeviti nawajua. Ungefika pale, viti vingetolewa, daftari la wageni lingetafutwa, ungeletewa vile vikahawa vikavu vya kutafuna, ungeulizwa wewe ni wa ukoo gani na babu yako alizikwa wapi, na jua langu la picha lingezama ukiwa bado hujamaliza kutaja mashangazi. Na hiyo habari ya huko juu nilijua ni zile hadithi za mizimu za kuwatisha watu wa mjini. Nikasema, "Tutampitia kesho tukishuka."

Elisha akasema, "Jovina, tupite tu."

"Elisha, wewe utalizuia jua?"

Mama wa duka alituangalia mpaka tukaingia kwenye migomba, na kila nikigeuka nilimkuta bado anatuangalia.

Tulipanda vizuri. Projestus aliimba, Edivina alilalamika kuhusu viatu, na tulipotoka kwenye vibanja tukaingia rweya upepo ulikuwa mtamu na nyasi zilitufika kiunoni. Niliona ncha ya mlima hii hapa, nusu saa tu. Halafu ukungu ukaja. Mimi ukungu wa Bukoba naujua, ule wa asubuhi unaotoka ziwani na kuondoka jua likipanda, lakini huu ulitokea ng'ambo ya mlima saa kumi na moja jioni, kimya, ukaruka ncha ile na kumwagika juu ya nyasi kuja kwetu, na ndani ya dakika chache hata kuimba kwa Projestus kulibadilika, sauti ikawa kama ya mtu anayeimba amefunikwa blanketi. Mwenyewe akanyamaza.

Nikawaambia tutembee mstari mmoja, mimi mbele, na tusiachane. Kila baada ya muda niligeuka na kuwahesabu, maana watu nilikuwa siwaoni sura, nilikuwa naona vivuli tu. Nyuma yangu walipaswa kuwa watatu. Nikahesabu watatu. Nikatembea, nikageuka, watatu. Nikatembea tena, nikageuka.

Wanne.

Nilihesabu upya kwa kidole, nikinong'ona kama mtoto wa chekechea. Edivina, Projestus, Elisha na begi lake refu, na nyuma ya Elisha kitu kingine, kifupi kuliko Elisha, kina kichwa kikubwa kupita kiasi, kipana kama ungo, hakina shingo, na kitu kama nywele kimening'inia kutoka kwenye kichwa hicho mpaka kifuani, uso hakuna. Kilikuwa kinatembea. Tuliposimama, kikasimama.

"Elisha," nikasema, na sauti yangu niliisikia ni nyembamba, "nani yuko nyuma yako?"

Elisha akageuka. Ukungu ukajifunga palepale. "Hakuna mtu," akasema, lakini hakugeuza uso kurudi kwetu haraka.

Ndipo tukasikia makofi. Pa, pa, pa. Makofi matatu, ya mikono ya mtu, upande wa kulia. Tukangoja. Yakaja tena matatu, upande wa kushoto, mbele kidogo.

"Ni ndege," alisema Projestus.

"Ndege gani anapiga makofi?" akauliza Edivina.

Mtu mwenye akili angegeuka. Mimi nilifikiri (na nakiri kwamba nilifikiri kwa ubishi zaidi kuliko kwa akili) kwamba kugeuka ni kurudi kule kitu kile kilikotokea, kwa hiyo bora twende mbele, tufike, tuwashe moto, tuwe wengi. Tukaenda mbele. Makofi yalitufuata mara mbili zaidi, halafu yakaacha, na kuacha kwake kulitutia baridi kuliko yalivyokuwa yanapigwa.

Pahali tulipoweka kambi nilipachagua mimi. Ardhi ilikuwa tambarare, nyasi fupi, na kutokana na upepo nilijua ziwa liko mbele yetu, basi nikaagiza hema la wanawake liwekwe mbele kabisa, mlango ukiangalia ziwani, ili alfajiri nifungue zipu tu nijipige picha nikiwa bado nimejifunika. Elisha alikuwa amesimama ameshusha kiganja chake karibu na magoti, kama mtu anayepima joto la chungu.

"Upepo huu unatoka chini," akasema.

"Chini wapi?"

"Sijui. Unapanda. Haupiti."

Nikamwambia ashike kamba tufunge hema kabla giza halijaingia. Tukafunga. Tukawasha moto mdogo kwa kuni tulizobeba, tukachemsha chai, na vikombe vikiwa mikononi Edivina akanigusa goti na kusema polepole, "Jovina, usipige kelele. Angalia kule."

Kilikuwa kimesimama upande wa ziwa, mbele ya mlango wa hema letu, kichwa kilekile, nywele zilezile. Hakitikisiki. Projestus akasimama akaita kwa Kiswahili cha darasani, "Wewe ni nani? Karibu, sema shida yako!" Kimya. Akaita kwa Kihaya. Kimya. Kikasogea hatua moja kuja kwetu, na kikatoa sauti. Hiyo sauti nikiikumbuka naisikia hapa nyuma ya shingo, sauti ya koo, inapanda na kushuka kama mtu anayezungumza, lakini ndani yake hakuna neno hata moja. Projestus, mwalimu wa hisabati mwenye shahada, akachukua ukuni unaowaka akautupa. Kitu kile kikarudi nyuma, kikamezwa na ukungu. Kidogo tukasikia makofi tena, matatu, palepale mbele.

Kushuka gizani kwenye ukungu ule hakuna aliyethubutu. Tulisali, sisi watatu rozari na Elisha sala yake, halafu tukaingia ndani ya mahema tukangoja asubuhi, wanaume la nyuma, sisi la mbele. Ilikuwa bado mapema, saa mbili haijafika. Mimi niliingia kwenye mfuko wa kulalia nikavuta zipu mpaka kidevuni, nikamshika Edivina mkono.

Sijui ilipita robo saa au nusu saa. Tulisikia kitu kinakwaruza chini, pembeni ya hema. Halafu "pwi", kigingi kimeng'oka. Kimya kidogo. Kwaruza, kwaruza, "pwi", cha pili. Kona ya hema ikatulalia usoni. Kilikuwa kinang'oa vigingi vyetu kimoja kimoja, bila haraka, kama mama anayeng'oa mihogo. Cha tatu kilipong'oka kitambaa cha hema kilibonyea ndani, na niliona kwa mwanga wa simu ya Edivina umbo la viganja viwili, vidole vyote kumi, vikitusukuma kupitia kitambaa, kwa nguvu.

Sikumbuki kufungua zipu ya mlango. Nakumbuka niko nje, kwenye ukungu, bado niko ndani ya mfuko wa kulalia mpaka kwapani, miguu imefungwa pamoja, na naruka. Naruka kama gunia lenye mdomo, kuelekea mbele, popote, mradi mbali na kitu kile. Niliruka mara mbili. Kabla sijaruka ya tatu nikadakwa kwa nyuma, mikono miwili ikanizunguka kiunoni, ikaninyanyua na kunibwaga chini, na uzito wa mtu ukanikalia juu, na ile sauti isiyo na neno ikawa sikioni kwangu. Ndipo nilipopiga enduru.

Kwa msiojua, enduru ni lile yowe letu la hatari, likipigwa hakuna mwanaume anayebaki ndani, iwe ni mwizi, iwe ni moto. Bibi yangu alinifundisha nikiwa mdogo na akaniambia si la kuchezea. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Na baada yake nikapiga kelele neno lingine, na neno hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Nilisema, "Mchawi! Mchawi ananiua! Mchawi!"

Chini kabisa, kwenye vibanja, enduru yangu ikajibiwa. Halafu nyingine, mbali zaidi. Halafu nyingine.

Projestus na Elisha walimvuta yule aliyenikalia, wakamwangusha, wakamfunga mikono kwa kamba ya hema. Hapo nikaona kwa tochi kwamba ni mwanamke. Mwanamke wa kawaida, wa miaka hamsini na kitu, gauni la kazi, kitambaa kichwani, miguu pekupeku, mikono imejaa udongo wa vigingi vyetu. Kichwa kikubwa hakikuwepo. Hakupigana nasi. Alikaa pale alipowekwa, na macho yake yalikuwa yanaangalia upande wa ziwa tu, na Projestus alipotaka kupita upande huo kutafuta kiatu changu kilichoangukia nje mwanamke yule alitoa mlio wa kutisha, akajitupa kwa ubavu miguuni mwake mpaka Projestus akarudi. Tukaona ndiyo uchawi wenyewe huo. Nami nikaendelea kuita.

Vijana watano ndio waliofika kwanza, wanahema, na fimbo na mapanga, wa kitongoji cha jirani waliokuwa wakilinda mashamba. Hawakuuliza kitu. Wangeuliza nini? Walikuwa wamesikia neno njia nzima. Mmoja alimwona mtu amefungwa, akainua fimbo na kumpiga, ikamwangukia juu ya mkono karibu na bega, na mlio wa fimbo ile kwenye mfupa ninao mpaka leo. Mwanamke hakulia. Alinitazama mimi, si aliyempiga. Fimbo ikainuliwa tena na Edivina akajirusha katikati akisema, "Mimi ni nesi! Mimi ni nesi!" (sijui alifikiri itasaidia nini, lakini ilimfanya kijana asite), na katika kusita kule tochi ikamulika uso wa mwanamke, na sauti ya mtu mzima ikapiga kelele kutoka chini kwenye nyasi:

"Acheni! Ni Koku! Acheni, ni Ma Koku!"

Alikuwa mwenyekiti. Mzee wa miaka sitini amekimbia mlima mzima amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na hakusimama kupumua, alikwenda moja kwa moja akapiga magoti akafungua zile kamba. Wakazungumza kwa mikono, yeye na yule mwanamke, haraka haraka, mwanamke akitumia mkono mmoja. Watu walizidi kufika, kumi, ishirini, tochi zimejaa kwenye ukungu, na mimi bado niko ndani ya mfuko wa kulalia kwa sababu zipu ilikuwa imekwama.

"Nani kapiga enduru?" akauliza mwenyekiti.

Elisha akanisaidia kusimama. "Mimi, tata," nikasema, yaani baba.

"Toka humo uje hapa."

Ilibidi wanivue mfuko ule mbele ya watu, wanaume wawili wanavuta chini na Edivina ananishika kwapani, na nilipotoka mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Mwenyekiti akanishika kiganja kwa nguvu, akanipitisha mbele ya mlango wa hema letu, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akamulika chini. Nyasi, nyasi, jiwe, halafu hapakuwa na kitu. Mwanga wa tochi ulitoka nje ukalala juu ya ukungu, na ule upepo alioupima Elisha ukanipuliza usoni kutoka chini. Mwenyekiti akapiga jiwe kwa mguu. Tulisikiliza. Sikusikia kitu, nikaendelea kutosikia kitu, na nilipofikiri jiwe limetua kwenye nyasi ndipo ukaja mlio mdogo sana, chini kule, mawe ya ufukweni.

"Hapa tumeshaokota ng'ombe wawili na mtu mmoja," akasema. "Kokuhirwa ni dada yangu. Aliugua akiwa na miaka mitano, hasikii, hasemi. Anakata nyasi za kutandaza kibanjani, kila siku yuko huku. Wageni wote wanaopita kwangu nawaambia, mkimwona mama mwenye mzigo wa nyasi kichwani anapiga makofi, simameni, mfuateni anakowaonyesha."

Mzigo wenyewe ulikuwa pale umelazwa kwenye ukingo, nyasi ndefu zimening'inia pande zote. Alituona tunauelekea ukingo wa mwamba kwenye ukungu, akatufuata, akatuita kwa njia pekee aliyonayo, akasimama kati yetu na ukingo huo kama uzio, akatupiwa moto, akaja kulisukuma hema letu lirudi nyuma na sisi tukiwa ndani yake.

Edivina alimfunga mkono wa kulia kwa skafu yangu. Mfupa ulikuwa na ufa, tulikuja kuambiwa baadaye. Yule kijana wa fimbo alikuwa amekaa pembeni ameshika kichwa, na nilipompita akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Dada, si wewe uliyesema mchawi?"

Tulilala kwa mwenyekiti. Daftari la wageni lilikuwa mezani. Nililisaini.

Nilidhani asubuhi tutatoroka mapema. Mwenyekiti akasema hapana, enduru ni ya watu wote, aliyeipiga atasimama awaambie watu kwa nini aliwatoa majumbani. Kesho yake ilikuwa Jumapili, kanisa la kigango lilijaa mpaka nje (habari ilikuwa imeshafika mbali), na katekista alipomaliza matangazo niliitwa mbele, nimevaa suruali ya mlima na juu yake kitenge cha kuazima cha mke wa mwenyekiti. Nilieleza. Kuhusu picha, kuhusu jua, kuhusu hatua mia mbili. Watu walicheka nilipofika kwenye kuhesabu, na nikafikiri pengine nitaponea hapo. Halafu mzee mmoja wa benchi la pili akasimama.

"Ulimwona anafanya uchawi gani, binti?"

"Aling'oa vigingi vya hema, tata."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. "Na neno lile ulipolisema, ulijua huku kwetu neno lile linafanya nini?"

Ningeweza kusema niliogopa. Ningeweza kusema mimi ni wa mjini. Lakini bibi yangu alikuwa na jirani aliyeitwa neno hilo, na nilikuwa na miaka tisa, na niliona nyumba yake ilivyobaki.

"Nilijua," nikasema.

Kanisa lilinyamaza. Nilitamani sakafu ipasuke. Katika ukimya ule Kokuhirwa, ambaye hakuusikia, aliinuka benchi la mbele, mkono umening'inia kwenye skafu yangu, akaja akasimama kando yangu. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Halafu akabana miguu yake pamoja, akavuta gauni mpaka kwapani kwa ule mkono mzima, akapanua mdomo kama anayepiga yowe, na akaruka. Pu. Akaruka tena. Pu. Kuelekea altare. Kanisa zima lilianguka kwa kicheko, wazee wanafuta machozi, Projestus amelala begani kwa mtu asiyemjua, na hata yule mzee wa benchi la pili akakaa chini ameshika mbavu. Kokuhirwa akamgeukia kaka yake akamwambia jambo kwa vidole.

"Anasema," mwenyekiti akatafsiri, "ulikuwa mzito."

Wenzangu wakiisimulia wanaishia hapo, kwa kuwa inachekesha. Mimi siishii hapo. Baada ya wiki tatu nilirudi peke yangu, nikapita kwa mwenyekiti kwanza, nikaomba nikakate nyasi kwa niaba ya mkono ule ambao ulikuwa bado haujapona. Mke wa mwenyekiti aliitazama mikono yangu ya karatasi akanipa mundu huku akitabasamu. Nilikata kutwa, nikapata mzigo ambao Kokuhirwa angeupata kabla ya chai. Saa kumi na moja ukungu ukaja, vilevile, kimya, juu ya ncha ya mlima, na nikaacha kuiona hata mikono yangu mwenyewe. Nilikaa chini palepale. Sikuita. Nilibaki nasikiliza nyasi, na nilikuwa naogopa, sitawadanganya. Halafu mkono ukanishika kiganja kutoka kwenye ukungu, mkono wa kushoto, mgumu, wenye udongo, ukanivuta nisimame, na nikaufuata mpaka kwenye migomba bila kuona aliyenishika.

Nimeapa kwamba neno lile halitatoka tena kinywani mwangu, hata nikutane na kitu gani kwenye giza gani. Yule kijana alinipigia simu mwezi uliopita kuomba radhi, eti fimbo ile inamnyima usingizi. Nilimwambia alale. Mkono ulikuwa wake, lakini aliyemtuma ni mimi.